Msimu Uliochelewa kwa Wiki Tatu

Jumanne iliyopita asubuhi nilikuwa nikifungua madirisha ya kanisa ili hewa iingie kabla ya kikao cha akina mama, mlinzi akanijia akiwa ameshika kofia mkononi. "Mzee," akasema, "yule mzee wako wa mtaa wa Jamhuri ametuacha. Wamemkuta amekaa kwenye kiti chake, redio inaongea." Nilimshukuru Mungu kwa kumchukua rafiki yangu bila kumpitisha kwenye maumivu ya hospitali, kisha nikaendelea na madirisha, maana sikujua la kufanya lingine. Nilipofika la mwisho ndipo nikakumbuka kwamba Jumamosi itafika na sina pa kwenda.

Wasomaji wangu hawamjui, kwa kuwa hakuwa mtu wa kutajwa magazetini. Alikuwa mchora ramani wa serikali hadi alipostaafu. Mkewe alitangulia zamani. Mwanawe wa pekee tulimchangia nauli hapa hapa kanisani akaenda Marekani, na sasa ni miaka tisa hajarudi, kwa sababu karatasi zake hazijakamilika na akitoka hataruhusiwa kuingia tena. Kila Jumapili baada ya ibada alikuwa akimpigia baba yake simu. Miaka ya kwanza waliongea hadi kadi ya simu ya kijana ikaisha. Halafu maneno yakaanza kupungua. Mnaendeleaje, huku kuna baridi, hapa mvua imekataa, haya, Mungu akubariki. Siku moja tukitoka ibadani rafiki yangu aliniambia kwamba anaogopa Jumapili moja simu haitalia, na hakutakuwa na mtu wa kulaumiwa. Yeye hakuwa na ugomvi na mwanawe. Walikuwa wameishiwa maneno tu.

Kilichowaokoa ni mchezo. Kijana alitaja kwamba kazini kwake kila mtu anafuata timu ya mji ule, ile futiboli ya Wamarekani ya kofia ngumu na mpira wenye umbo la papai. Baba akauliza swali moja kwa adabu, na kijana akajibu kwa dakika kumi nzima. Baada ya muda kifurushi kikafika posta, ndani yake kanda za video. Kijana alikuwa ameanza kurekodi kila mechi ya msimu na kutuma. Kanda za Marekani hazikubaliani na mashine zetu za video, kwa hiyo picha zilipanda na kushuka kama uji unaochemka, mpaka fundi mmoja wa barabara ya Luthuli mjini akamuuzia mashine aliyoapa kwamba inakula kanda za dunia nzima. Basi nikaalikwa. Kila Jumamosi mchana, nikimaliza darasa la ubatizo, nilipita Dagoretti Corner nikanunua viazi vitamu, tukakaa, nikaomba kwa ufupi, naye akabonyeza mashine.

Mechi tulizotazama zilikuwa zimechezwa wiki tatu nyuma. Kijana aliishi mbele ya baba yake kwa wiki hizo tatu, na kwenye simu alijilazimisha kuzungumzia tu kanda ambayo baba ameifikia. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya nyumba: asiambiwe mtu matokeo. Rafiki yangu alichora kila shambulio kwenye karatasi ya ramani, kwa mkono ule ule uliochora mito na mipaka, ili Jumapili awe na la kusema. Mimi nilielewa jambo moja tu, kwamba timu hupewa majaribio manne ya kusonga yadi kumi, na wakishindwa wanawaachia wenzao mpira. Nilifurahi kuona watu wanaanguka, wanainuka, wanakusanyika duarani kama wanaoomba, kisha wanajaribu tena.

Lakini timu yenyewe ilikuwa mbovu. Walipigwa mechi ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka rafiki yangu akaanza kunyamaza wakati wa chai. Nikaingiwa na wasiwasi. Siku niliyokwenda Westlands kuchukua miwani, nikaingia kwenye saiba, duka la intaneti, nikamwomba binti aliyekuwa kwenye zamu anitafutie matokeo ya mechi tutakayotazama Jumamosi.

"Guka, hii ni ball gani sasa? Hawa wamevaa kama wazima moto," akasema akicheka, akiniita babu kwa Kikuyu.

"Wewe nitafutie tu, mama."

"Aki hii timu yako imeoza. Wamechapwa, wamechapwa, wamechapwa... Ngoja. Hii moja wameshinda! Guka, leo utalala poa."

Nilitoka pale moyo mwepesi, na siri yangu nikaibeba hadi Jumamosi. Tukakaa, viazi mezani, nikafumba macho kama kawaida. Mtu aliyezoea kuongoza maombi, ulimi wake hauna mlinzi. Nikasikia sauti yangu ikisema, "Na tunakushukuru, Baba, kwa ushindi huu uliowapa vijana baada ya kushindwa kwingi." Nilipofumbua macho, rafiki yangu alikuwa ananitazama, kidole bado kiko juu ya mashine.

"Mzee wa kanisa," akasema polepole, "umempasha Mungu habari anazozijua, na mimi niliyekuwa sijui ukanimaliza."

Nilicheka, nikidhani ni utani. Hakucheka. Akaniambia kwamba kila Jumapili kijana humwuliza swali moja: baba, ulihisi vipi walipokaribia kufunga? "Sasa nitamwambia nini? Mimi mchezo huu, nikwambie ukweli wa Mungu, siupendi. Wanaume wazima kurundikana juu ya papai! Lakini kijana akiuongelea, sauti yake inakuwa ile ya alipokuwa darasa la nne. Ukinichukulia hilo, nabaki na hali ya hewa." Jumamosi iliyofuata sikwenda, kwa aibu. Ile ya tatu alinitumia ujumbe kwamba viazi havijinunui, nikarudi, nikaomba maombi ya maneno sita.

Tumemzika Jumamosi. Ukitembea mitaa yetu ya huku Ngong Road utakuta nyumba nyingi zenye picha ya kijana amesimama kwenye theluji, na chini ya picha mzee mmoja na kiti kimoja. Tuliwatuma watoto wetu kwa machozi ya furaha, wakatii, wakaenda. Simlaumu mtu. Nashukuru kwa kila mmoja aliyepata riziki kule. Ila hatukufikiri kwamba wataondoka na maneno pia.

Jana kijana alinipigia. Hakuweza kuja kumzika baba yake, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekaa ndani ya gari lililozimwa. Nilijaribu kumfariji kwa njia niliyoijua, nikamwambia jinsi baba yake alivyofuatilia ule msimu. Akasema, "Mzee, mimi mchezo ule sijawahi kuupenda. Nilikuwa naamka kuurekodi kwa sababu nilidhani ndiyo raha pekee aliyobaki nayo."

Niliomba hekima, kisha nikamwambia ukweli. Alilia, akacheka, akalia tena. Halafu akaanza kuuliza mambo madogo. Baba alikuwa anakula nini asubuhi? Alikuwa bado anatembea hadi Jamhuri Park? Nani alikuwa anamnyoa? Usiku alikuwa anaogopa? Nilijibu machache. Mengi sikuyajua, kwa maana miezi yote ile nilikaa pembeni ya mtu yule, tukatazama upande mmoja, nami nilichomuuliza ni nani ana mpira.

Nawaachia hili, ndugu wasomaji, nami nimeanza kwa binti yangu wa Kitengela. Mtu wako akiwa bado anaweza kujibu, mwulize amekula nini, amelala vipi, anaogopa nini. Hata akishangaa. Wangu alishangaa, akaniuliza kama ninaumwa. Nikamwambia hapana, nina upweke. Akasema, "Baba, mbona hukuniambia?"