Mpiga Pasi Aliyeitaka Maabara Ije Kitandani

Saa mbili asubuhi, katika chumba cha kufulia cha hospitali, Mama Pasi analinyoosha shuka, analikunja mara nne, analiweka juu ya rundo. Kufika shuka la kumi na tano, ameegemea meza, kafumba macho.

"Umeshalala, dada?" mwenzake anamtania.

"Ningelala ingekuwa nafuu."

Ana miaka arobaini na sita, tisa kati yake akiishi na baridi yabisi. Dawa zimetuliza vidole, uchovu haukutulia. Kila akipimwa damu, majibu huja mazuri, na msimamizi wake wa kazi huiamini karatasi kuliko mtu. Miaka sita iliyopita alimwandika "mvivu" kwenye kitabu cha zamu. Neno hilo halijafutwa.

Anachoomba ni kiti: ahamishiwe meza ya kushona mashuka yaliyochanika. Mwezi jana alikosa siku saba, mshahara ukakatwa robo.

Watafiti walipotangaza kuwa wanatafuta alama ya uchovu kwenye damu ya wagonjwa wa viungo, alijiandikisha. "Nikasema, sasa damu itanitetea."

Miadi minne, alifika miwili. Mingine alishindwa kushuka kitandani. Wakaandika "hakufika," na barua ikaja: akikosa tena, anaondolewa.

Aliipeleka barua kwa mhudumu wa maabara anayewatoa damu wagonjwa wa utafiti.

"Mdogo wangu, wanaofika hapa ni kina nani?"

"Wagonjwa, mama."

"Wagonjwa waliopata nguvu ya kufika. Sasa huo uchovu mnautafuta kwa nani?"

Mhudumu alicheka, kisha akafungua orodha. Kati ya wagonjwa sitini, kumi na tisa walikuwa na "hakufika." Akaipeleka orodha kwa mkuu wa utafiti, wakakubaliana kuwafuata wagonjwa majumbani.

Jumanne iliyopita Mama Pasi hakuweza kuamka. Mumewe alipiga simu, na saa nne mhudumu alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, kamba ya mpira ya kutolea damu mkononi.

"Unaniona nilivyo?"

"Nakuona, mama."

"Basi liandike na hilo."

Majibu ya utafiti yatachukua mwaka, na watafiti wenyewe wanakiri huenda wasiione alama yoyote. Mama Pasi hana mpango wa kungoja. Mhudumu ameshamwandikia, kwa sahihi yake, alichokikuta chumbani asubuhi ile, karatasi ya kumwonyesha msimamizi.

"Damu ichukue muda wake," anasema, akivuta shuka jingine. "Mimi kiti nakidai Jumatatu."