Kidole Kimoja cha Barafu

Mimi ni mkunga wa Kibondo, na ndege sizipendi hata zikiwa zimetua. Siku ile nilipanda kwa sababu binti mmoja wa Kumsenga alikuwa amejifungua, anavuja damu bila kukatika, na akiba yetu ya damu hospitalini ilikuwa imekwisha. Tulimlaza kwenye machela, tukaelekea Mwanza. Mama yake mzazi alikaa pembeni yangu. Mtoto mchanga alibaki na shangazi.

Mbele mawingu yalikuwa yameziba njia. Rubani akapanda juu kuyakwepa, na huko baridi ikatukuta. Dirisha lake likaganda.

"Sista, kwangu sioni nje. Tazama ile nguzo inayoshika bawa. Kuna nati, ina unene wa kidole. Barafu ikiifunika, ndege itazidi uzito. Niambie nigeuze."

Vidole ndiyo kazi yangu, miaka yote napima njia ya uzazi kwa vidole. Lakini mimi nimezoea kugusa, si kuchungulia kitu kilicho nje ya kioo. Nikainua kidole cha shahada, nikakilinganisha na barafu iliyokuwa inapanda kwenye nati.

"Robo," nikasema.

Mapigo ya binti yalikuwa yanapotea chini ya mkono wangu mwingine.

"Nusu."

Ndege ikaanza kutetemeka. Nilimkasirikia rubani. Nani alimwambia mimi ndiye wa kuamua?

Nati ikazama. Mama naye aliiona. Alikidaka kidole changu, akakikunja kiganjani, akakibana.

"Usimwambie, mwana wanje, mwanangu. Kwetu damu hakuna."

Nilikuwa na mgonjwa mmoja, na ndani ya ndege tulikuwa wanne. Tena niliogopa kufa, sitaki kujipamba.

"Kidole!" nikapaza sauti.

Tukageuka. Tulipofika kwenye joto, barafu ikabanduka vipande vipande, ikigonga ubavu wa ndege. Kibondo nako kulikuwa kumefunga kwa mvua, rubani akatua Kasulu. Gari la wagonjwa lilikuwa tayari uwanjani. Binti alikata roho kabla hatujafika langoni mwa hospitali.

Mazishini Kumsenga nilipanga foleni na wengine kutoa pole. Mama akanipokea mkono. Akakitafuta kidole kilekile, akakikunja, akakishika hivyo. Nyuma yangu watu walikuwa wanasubiri zamu yao. Sikukitoa.