Usukani wa Matumbo ya Samaki

Sokoni Kashikishi, kando ya ziwa, harufu ya matumbo ya samaki yaliyolala juani bado inanifanya nizibe pua. Inanirudisha kwenye mtumbwi uliotuvusha ziwa, Mama na sisi watoto wake, nilipokuwa mdogo. Mwenye mtumbwi alizoea kupasulia samaki juu ya ubao wa usukani wake. Kisu kilikuwa kimeula pande zote mbili, ukabaki mwembamba kama mfupa uliotafunwa, mweusi, umejaa ute na magamba. Sijaona tena uchafu kama ule. Mama alipouona alitema mate.

"Ni libao tu, mama," mzee yule alisema. "Mayi ya ziwa itaisafisha."

Mawimbi yalipoanza, ubao ule uliolika haukushika maji. Mtumbwi ukageuka ubavu, maji yakaingia. Usukani ulitaka kukandamizwa chini zaidi, na mzee peke yake hakuweza. Mama akapiga magoti nyuma, akaukumbatia kwa mikono yote miwili, ute ukampanda hadi viwikoni. Mtumbwi ukaanza kutii. Alitapika ziwani, lakini hakuuachia mpaka tulipofika.

Ufukweni alijisugua kwa mchanga, kwa majivu, kwa sabuni. Siku zote alitulisha matonge ya bukari, ugali wetu, kwa mkono wake. Jioni ile alitulisha kwa kijiko.