Maziwa ya Jilaal na Nafasi ya Nane

Nahodha mfupi kuliko wote niliowahi kuwaona katika mpira wa kikapu aliitwa Yarrow Ogle. Alinifika begani, na mimi mwenyewe si mrefu. Alikuwa dresa katika hospitali ya Garissa, mtu wa kusafisha na kufunga vidonda, na mwaka wa 1966 vidonda havikuwa haba. Asubuhi alifunga bega la askari, mchana mguu wa mchungaji, na wote wawili aliwakaripia kwa sauti ile ile wakijitikisa. Saa kumi alivua koti lake jeupe akaenda nyuma ya wodi kuumwagia uwanja maji ya kufulia ili vumbi litulie. Pete za vikapu zilikatwa kwenye pipa la mafuta. Mpira ulikuwa mmoja, na kwa jinsi tulivyoutesa naomba radhi kwake mpaka leo.

Mimi ni Kang'ethe. Nilipelekwa Garissa kufundisha shule ya msingi, nikaenda nikinung'unika njia nzima. Ilikuwa hali ya hatari, serikali ikipigana na shifta, waasi waliotaka kujitenga: kafyu jioni, misako, na hakuna kuvuka mto Tana bila barua ya ruhusa na msafara wa jeshi. Mimi niliweza kuhesabu siku za kurudi kwetu. Yarrow alikuwa Msomali, kwao ni pale pale, na kila kizuizi kilimuuliza yeye ni nani.

Basi alikuwa na jambo moja moyoni: timu yetu ya Garissa ichaguliwe kwenda Thika, kwenye mashindano ya timu nane.

"Ng'ambo ya mto wakisikia Garissa wanasikia shifta tu," aliniambia. "Mimi nataka siku moja wasikie mbira." Yaani mpira; mara nyingine p iligeuka b mdomoni mwake, na v ikawa f.

Kuchaguliwa kwenyewe kulikuwa hivi. Mabingwa wa kanda kubwa waliingia moja kwa moja. Nafasi zilizobaki ziligawiwa na kamati, mabwana watano waliosoma matokeo ya msimu kutoka kila mahali, kisha wakazipanga timu kuanzia ya kwanza hadi ya nane. Ya kwanza hucheza na ya nane, ya pili na ya saba, hivyo hivyo. Matokeo sisi tulikuwa nayo. Timu za Wajir na Mandera hazikuweza kusafiri kwa sababu ya vita, kwa hiyo tulicheza na tuliowapata: askari magereza, mafundi wa barabara, na walimu wenzangu wenye vitambi. Hao tuliwapiga mara kumi na moja. Halafu kulikuwa na kikosi cha jeshi. Hao walitupiga sisi, mara tano katika sita.

Mimi ndiye niliyekuwa katibu. Nikaandika ushindi kumi na moja kwa mwandiko wangu wa ubaoni, nikatia na chumvi kidogo, na habari za jeshi nikazimeza. Darasani niliwafundisha watoto kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani. Barua ilikuwa jambo jingine.

Jibu lilikuja na msafara baada ya wiki tatu. Mistari minne. Kamati ilitupongeza, ila kanda yetu ni hafifu, na ushindi dhidi ya timu zisizojulikana hauna uzito. Kama tulikuwa na matokeo mengine ya kuonyesha, tuyalete kabla ya mwisho wa mwezi.

Nilipandwa na mori. Nilikwenda hospitali nikiwatukana wale mabwana watano mmoja mmoja, ingawa majina yao sikuyajua. Yarrow alikuwa akifunga kidole cha mama mmoja. Alisoma barua mara mbili, akacheka.

"Mwalimu, wewe umeuza ngamia kwa maziwa ya gu."

"Sasa ngamia ameingiaje?"

"Sikiza, walaal, ndugu yangu. Gu ni mfua kubwa. Majani iko kila mahali, hata ngamia mgonjwa anajaza chombo. Mtu akikuja kununua haulizi gu. Anauliza, jilaal, ile kiangazi kali, huyu alitoa nini? Akitoa kikombe moja tu wakati wa jilaal, hiyo ndiyo ngamia. Magereza ni gu. Jeshi ndiyo jilaal yetu. Wewe umeficha kikombe yetu."

"Tumepigwa mara tano, Yarrow!"

"Kwa bointi ngapi?"

Nilijua. Mbili, moja, nne, mbili, tatu. Na ile moja tuliyoshinda, kwa pointi moja.

"Na Sajini Gitau, yule nahodha ya jeshi, nilimfunga kidole," akaendelea. "Alijisifu mpaka nikachoka. Mwaka jana, kabla ya kuletwa huku, timu yake ilipiga mabingwa ya Nairobi bointi tisa. Nairobi kamati inaijua. Kwa hifyo waambie: yule aliyepiga Nairobi tisa, sisi anatupiga mbili."

Miaka yote ya chuo cha ualimu, na hesabu hiyo sikuwa nimeiona. Mficha uchi hazai, wahenga walisema, nami nilikuwa nimejifunika gubigubi.

Lakini kamati ingeamini vipi maneno yetu matupu? Ilibidi Sajini Gitau atie sahihi. Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Wiki moja kabla, wanajeshi walikuwa wameupekua mtaa wa Timiro, mama yake Yarrow, nyumba baada ya nyumba. Chombo chake cha maziwa, alichopewa alipoolewa, kilipasuliwa kwa singe wakitafuta risasi. Timiro aliviokota vipande akavitundika ukutani, na tangu siku hiyo Yarrow hakuwa amekanyaga karibu na kambi.

"Si lazima," nilimwambia, na nilimaanisha.

"Ni lazima," alisema. Hakucheka mara hiyo.

Tulikwenda pamoja. Sajini Gitau alitupokea langoni, jitu refu lenye masikio madogo. Alisikiliza, akatazama karatasi.

"Unataka niandike kwamba nilikupiga?"

"Mara tano, afande. Na bointi zake."

"Watu huja hapa kukana mambo," alisema Gitau. "Wewe umekuja kukiri." Kisha akatulia kidogo. "Juzi, kwenye msako, nyumba ya mama yako ilikuwa ipi?"

Yarrow alimwambia ni ipi, na kilichopasuliwa. Alisema bila kupandisha sauti, macho kwa macho, na mimi niliogopa kwa niaba yake. Gitau hakuomba msamaha. Alitia sahihi, kisha akaongeza mstari chini kwa mkono wake: *Mwaka huu hatujacheza na timu ngumu kuliko hii.* Alipoturudishia karatasi hakututazama usoni.

Siku ishirini baadaye tulichaguliwa. Nafasi ya nane, ya mwisho kabisa, na maana yake ni kuanza na timu ya kwanza, mabingwa wa Nairobi. Mimi nililalamika kwamba tumetupwa mdomoni mwa simba. Yarrow alinishangaa.

"Jilaal nyingine," alisema, akaenda kumwagia uwanja maji.

Tulipovuka mto, polisi wa kizuizini alituhesabu mara mbili, akafungua mifuko yetu, akaubonyeza mpira kama papai sokoni. Alisoma majina kwenye barua ya ruhusa: Yarrow, Shurie, Aden, Diriye, Nunow. "Hawa wanakwenda kufanya nini Thika?" aliniuliza mimi, kana kwamba wenzangu ni mizigo. Yarrow alitazama barabara.

Thika tulipigwa 47 kwa 44. Hadi dakika ya mwisho watu waliokuja kutucheka walikuwa wamesimama. Tulitolewa siku ile ile, na jioni nililia chooni, mtu mzima na ndevu zangu. Kesho yake ndani ya lori la kurudi Yarrow hakutulia hata kidogo.

"Mwalimu, kalamu iko?"

"Ya nini?"

"Barua ya mwaka kesho. Andika ya kwanza: mabingwa ya Nairobi, tumepigwa tatu."

Niliandika huku lori likiruka mashimo, na barua hiyo ndiyo iliyotupatia nafasi ya nne mwaka wa 1967. Lakini hilo lilikuwa bado.

Kizuizini tulimkuta polisi yule yule. Safari hii hakuniuliza mimi. Alimwelekea Yarrow.

"Mlicheza na nani?"

"Mabingwa ya Nairobi."

"Wakawafunga kwa ngapi?"

"Tatu."

"Thelathini?"

"Tatu, afande."

Polisi alitutazama mmoja mmoja. Aliukunja mkono uliokuwa tayari kupokea barua, akainua kizuizi.

"Kumbe Garissa kuna mpira!" akamwambia mwenzake.

Tulivuka Tana. Nilipogeuka kumtania Yarrow alikuwa analia waziwazi, nami nikaiweka kalamu mfukoni.