Upinde Uliopakwa Rangi ya Mlango

Mama alipohamia nyumba yake mpya huko Gahanga, alibeba vitu viwili kwa mikono yake: picha ya Moyo Mtakatifu wa Yesu na upinde wa babu. Vingine vyote, pamoja na mimi, vilipakiwa kwenye gari la mizigo.

Upinde ule ulinizidi urefu. Tangu tukiwa watoto, Bujumbura, tuliambiwa babu alivuka nao mpaka wa nchi akikimbilia huko, na kabla ya hapo aliua nao chui. Idadi ya chui ilitegemea mgeni. Mgeni akiwa wa heshima, walifika watatu.

Kaka yangu mkubwa, mjuzi wa kila kitu, alikuwa ameupaka vanishi iliyobaki kwenye milango yake, akaufunga waya wa breki ya baiskeli badala ya uzi. Sasa alitaka tuuuze.

"Hiki ni kitu cha kale," alisema. "Mzungu akikiona atalia."

Mama akasema hauuzwi, ila angependa kujua thamani yake, ili ajue anakataa nini.

Nikaupeleka kwa seremala jirani, mzee aliyewinda sana Bugesera ujanani. Mama na kaka wakanifuata, kila mtu na sababu zake.

Mzee aliunusa kwanza. "Nani amefanya hii?"

Kaka akaanza kukagua dari.

Mzee akakata waya kwa koleo, akachukua kipande cha chupa na kuanza kukwangua. Vanishi ikatoka kama maganda ya kitunguu. Chini yake mti ulikuwa wa kahawia, laini, umeng'arishwa na jasho la viganja. Akapitisha kidole gumba juu kidogo ya mahali pa kushikia. Palikuwa na kijifereji.

"Mshale unapita hapa," akasema. "Unasugua mti mpaka unaacha njia. Mtu wa mkono wa kuume njia yake iko huku kushoto. Hii iko kulia. Mwenyewe alikuwa wa mkono wa kushoto."

"Babu alikuwa wa kushoto?" nikamwuliza Mama.

Mama akatazama barabarani kana kwamba kuna mtu anamwita. "Mama yangu ndiye aliyekuwa wa kushoto."

"Lakini mwanamke hashiki umuheto, hashiki upinde!" kaka akaruka.

"Ndiyo maana tukasema ni wa babu. Babu yenu, Mungu amrehemu, aliogopa hata jogoo. Nyani wakiingia shambani, yeye aligonga sufuria akiwa ndani, mlango ameufunga. Mama ndiye aliyetoka na upinde."

"Na chui?"

"Chui gani? Walikuwa nyani. Na siku moja mbuzi wa jirani, kwa bahati mbaya. Tulimla."

Mzee alicheka hadi kipande cha chupa kikamtoka mkononi. Kaka hakucheka. Aliuliza tu, kwa sauti ya msibani, upinde una thamani gani.

"Kwa mtalii, labda upate pesa za mbuzi. Ukiwa na hii rangi yako ya mlango, pesa za kuni."

Nilikwangua siku mbili kwenye baraza ya Mama, kisha nikapiga msasa laini, kidogo kidogo, nikiukwepa ule mfereji wa bibi. Mzee alinionya nisiuvute: mti mkavu kama ule ukiukunja unakatika. Mwisho nikausugua kwa siagi ya ng'ombe, ile iliyokaa, mpaka nyumba yote ikanuka kama kibuyu cha maziwa. Ulipendeza kweli. Sisimizi nao waliupenda. Siku tatu tulikuwa tunawapangusa kwa zamu.

Jumapili walikuja wanawake wa jumuiya ya kanisani kuiona nyumba. Mmoja akauliza upinde ni wa nani. Nilimwona Mama akivuta pumzi ya chui watatu, halafu akaiachia.

"Ni wa mama yangu," akasema. "Baba alipiga sufuria."

Wakaomba waushike. Ukapita kutoka mkono hadi mkono, kila mmoja akajifanya anamlenga mume wake, na chai ikapoa.