Kijiko cha Pili

Siku ya kwanza kazini nilivuliwa pete. Mama msimamizi wa usafi, Mzulu mwenye sauti ya kwaya, alinisimamisha kwenye beseni la kunawia kabla sijaona hata embe moja. "Hiyo inabaki nje, baba." Nikamwambia ni pete ya ndoa, haijatoka kidoleni tangu Uvira. Akanimiminia sabuni, akaizungusha polepole mpaka ikatoka, akaniwekea kwenye kiganja. "Mke wako atakusamehe. Mtu akiikuta kwenye achari, huyo hatatusamehe." Waliokuwa nyuma yangu kwenye foleni wakacheka, na mimi nikacheka, bila kujua kama ni mimi ninayechekwa.

Nawaandikia ninyi vijana wetu mnaokwenda kuomba kazi Jacobs, kwenye viwanda vya kusini mwa Durban. Mimi shule niliachia darasa la sita. Nikiandika, hurudi nyuma mara nyingi nikiogopa nimesema uongo bila kukusudia. Basi pale nisipokuwa na hakika nitawaambia sina hakika, mnivumilie.

Kiwanda chetu kilitengeneza achari ya embe. Kabla ya hapo nililinda magari ya watu kwenye maegesho ya Umbilo, kama wengi wetu tuliotoka Congo. Kiwandani nilianzia kwenye mapipa. Embe mbichi hukatwa, hulazwa kwenye mapipa ya maji ya chumvi kwa majuma, kisha huchujwa na kuchanganywa na mafuta, pilipili, viungo na siki ndani ya tangi kubwa. Mchanganyo wa tangi moja tuliuita bechi. Na siki, wanangu, haiko pale kwa ajili ya ladha tu. Uchachu ndio unaozuia vijidudu. Bechi ikipungukiwa uchachu, chupa itakaa dukani ikimeta vizuri, na anayeila atalala hospitali.

Aliyetawala tangi alikuwa Mpishi Mkuu, Anko Perumal, Mhindi wa mtaa wa Chatsworth. Wote tulimwita Anko, hata mkurugenzi, ambaye yeye mwenyewe tulimwita lani, ndivyo Durban wanavyomwita bosi akiwa amegeuka mgongo. Anko ndiye aliyenitoa kwenye mapipa. Alinikuta nasugua pipa ambalo lilikuwa limeshang'aa.

"Wewe Congo, hilo si umeshaliosha?"

"Sina hakika, Anko."

"Vizuri. Wenye hakika wameshaniharibia achari ya kutosha. Njoo huku."

Kazi yake ilikuwa ya ulimi. Alichota kwa kijiko, akaonja, akatulia kama mtu anayesikiliza redio ya jirani. Kisha alichukua kijiko cha pili, kisafi, akachota tena, akanipa mimi. Nilipoonja alinitazama. Halafu ndipo hukumu ilipotoka: "Imefika," au, "Ongeza siki." Mimi sikusema neno. Nilidhani ananifundisha, na siku nyingine nilidhani ananipima nikashindwa. Nani angethubutu kumwambia Anko lolote mbele ya tangi lake?

Ukaja ule ugonjwa wa barakoa, ukapita. Anko aliugua, akapona, akarudi na vijiko vyake viwili vilevile. Halafu akaja mkaguzi, ametumwa na maduka makubwa yaliyonunua achari yetu. Aliingiza taa na kioo kidogo ndani ya tangi letu la zamani, akatuonyesha mishono ya chuma, pale fundi alipochomelea. Ilikuwa na vishimo kama ganda la chungwa, na mafuta ya zamani yamejificha humo. Kisha akaomba tufungue kipande cha bomba kilichobaki tangu kipimo fulani kilipoondolewa. Bomba la namna hiyo, lisilokwenda popote, mimi naliita bomba kipofu: chakula kinaingia, maji ya kuosha hayafiki. Kilichotoka humo sitakieleza, huenda mnasoma huku mnakula. Lakini niseme haki: fundi yule alifanya kazi nzuri kwa macho ya wakati wake, na sisi tuliosha kila mahali mkono ulipofika.

Lani alikubali kununua mitambo inayofuata viwango. Kiwango ni makubaliano yaliyoandikwa, kwamba mashine ya chakula iweje. Chuma cha pua kilicholainishwa mpaka ukucha haunasi kwenye mshono. Pembe za mviringo. Chini ya tangi pawe na mteremko, maji yaishe yenyewe. Bomba kipofu, hakuna. Sabuni kali na maji ya moto vinazunguka ndani bila mtu kufungua kitu, na mimi niliyezoea kuingia tangini na brashi nilisimama nje nikisikiliza kama mvua juu ya bati. Nilishukuru kwa ajili ya magoti yangu.

Pamoja na mitambo hiyo vilikuja vihisi, vifaa vidogo vinavyopima joto, uzito na uchachu kila wakati na kupeleka habari kwenye skrini. Na pamoja na vihisi alikuja Injinia, dada wa Umlazi, umri wa binti yangu.

"Baba Elia," aliniambia, "hii mashine haijui achari ni nini. Lazima tuifundishe neno 'imefika'."

"Inafundishwaje?"

"Anko aendelee kuonja kama kawaida. Kila akisema imefika, kihisi kinaweka alama. Alama zikiwa nyingi tutajua Anko husimama wapi."

Anko alisikia. "Mke wangu miaka yote hii hajajua nasimama wapi. Wewe utajua kwa waya?"

"Nitajaribu, Anko."

"Jaribu. Ukijua, umwambie na yeye."

Tukafanya hivyo majuma kadhaa. Kisha siku moja lani aliniita ofisini, mimi msaidizi wa tangi, Anko akiwa amebaki kazini. Injinia alikuwa na skrini ukutani. Alituonyesha kwamba siku nyingi alama za Anko zilikaa pamoja, kama kundi la mbuzi kwenye kivuli. Lakini siku nyingine alisema imefika na uchachu ukiwa chini. Bechi ya mwisho ilikuwa chini mno, Injinia akaizuia isijazwe kwenye chupa.

"Labda kifaa ndicho kinadanganya," lani alisema. Naamini alitamani iwe hivyo.

"Nilianza na kifaa," Injinia akajibu. Alikuwa amekichomoa na kukichovya kwenye maji maalumu ambayo uchachu wake unajulikana. Kilisema kweli.

Lani alibebwa mgongoni na Anko akiwa mtoto, baba yake alipokuwa mwenye kiwanda. "Ijumaa tunaamua," akasema. "Kama ni Anko, namwondoa kwenye tangi na namwomba aende nyumbani. Siwezi kuwalaza watu hospitali kwa heshima ya mzee mmoja." Hakutazama mtu aliposema hivyo.

Niliuliza alama zile za chini ni za siku gani. Injinia akanisomea. Zilikuwa siku ambazo mimi sikuwepo, nilipokwenda kupanga foleni kwa ajili ya karatasi zangu za ukimbizi.

Niliaga, nikaondoka nalo moyoni. Njiani nilijigombeza: Elia, unajipa ukubwa. Mtu aliyelinda magari ndiye atakuwa sababu ya achari kufika? Labda embe za siku hizo zilikuwa tofauti. Labda ni bahati tu. Lakini wazo lilikuwa limeshaingia, nalo halikutoka hata kwa sabuni.

Asubuhi iliyofuata Anko alichota, akaonja, akatulia. Akachukua kijiko cha pili, akanipa. Nikaonja. Ilikuwa inataka siki bado. Nami nikaukaza uso wangu nikautuliza kama ukuta. Mpaka leo sijui kama ulikuwa uungwana.

Anko akanitazama. Akangoja. Akasogea karibu.

"Ehe?"

Nikabaki ukuta.

"Congo, umemeza au umekufa?"

Akachota tena, akanipa tena. Mwisho nikasema kwa sauti ndogo, "Bado, Anko. Siki." Akageukia watu wa valvu, akapaza sauti ileile ya siku zote: "Ongeza siki!"

Jioni alinipa lifti kama kawaida. Alikuwa na desturi ya kunifikisha mahali nilipopandia taksi ya kurudi Umbilo. Kwenye robot, ndivyo huku waitavyo taa za barabarani, ikawaka nyekundu, na hapo akasema bila kunitazama:

"Tangu ugonjwa. Pilipili inaniunguza, basi, ladha nyingine zote zimekufa. Kahawa ni maji ya moto. Kari ya mke wangu ni matope, na kila siku namwambia tamu."

"Kwa nini hukusema?"

"Wewe ungesema? Mpishi asiye na ulimi ni dereva asiye na macho. Na kwa nini niseme, wakati nina uso wako? Uso wako ni televisheni, Congo. Siki ikipungua, jicho la kushoto linanywea. Ikifika, unapumua."

Taa ikawa kijani, wa nyuma wakapiga honi. Hakuondoka.

"Nimesikia lani anaamua Ijumaa. Kwa hiyo utanichoma."

"Sitakuchoma, Anko. Lakini achari ya siku nisipokuwepo, iko watu watakula."

"Subiri basi Diwali ipite. Niondoke kwa heshima yangu."

Ndugu zangu, nilitaka kusema ndiyo. Mtu huyu alinipa kazi nilipokuwa sina jina zaidi ya nchi yangu. Nikafikiria pia mama fulani nisiyemjua anafungua chupa. "Nenda ukaseme mwenyewe," nikamwambia. "Mimi nitasimama nyuma yako. Usipokwenda, nitasema, na nitasema na mazuri yako yote."

"Mazuri yangu yote!" Akacheka kicheko kibaya. "Shuka hapa."

Nikashuka palepale, katikati ya honi.

Ijumaa nilifika ofisini nikiwa sijalala vizuri. Anko alikuwa ameshafika, nywele amepaka mafuta, shati la harusi. Sikujua angesema nini. Lani alipofungua mdomo, Anko alimkatiza kama anavyomkatiza mtoto.

"Ulimi wangu umekufa. Unaoonja ni wake," akaninyooshea kidole. "Miaka hii yote tangu niugue, mimi nasoma tu. Asipokuwepo, nabahatisha. Ile bechi uliyoizuia, dada, ulifanya vizuri. Asante."

Injinia alizitazama tena alama zake kwenye skrini. "Eish. Nilidhani nampima mtu mmoja, kumbe nilikuwa nawapima wawili." Kisha akamgeukia lani: "Anko hakuwa anadanganya mashine. Mfumo wetu ulimwacha mtu mmoja abebe peke yake jambo ambalo hakuna anayepaswa kulibeba peke yake. Hilo ni kosa letu."

Lani alikwenda dirishani. Aliporudi macho yalikuwa mekundu. Alimwambia Anko hawezi kurudi kwenye tangi. Anko akasema anajua. Kisha lani akamuuliza kama kidole gumba chake bado kinafanya kazi, maana mlango wa mapokezi ya embe ulihitaji mtu asiyedanganywa na wauzaji, na Anko alijua embe kwa kuibonyeza mara moja tu. "Kidole?" Anko akasema. "Nacho unataka kukitia waya?" Tukacheka wote, zaidi ya ulivyostahili mzaha wenyewe.

Tangu siku ile utaratibu ulibadilika. Kila bechi ilionjwa na watu wawili, kila mmoja akibonyeza jibu lake bila kumwona mwenzake usoni. Na uchachu usipotosha, valvu ya kujaza chupa haifunguki, hata lani mwenyewe akipiga magoti. Mimi niliwekwa kuwa mmoja wa wale wawili. Skrini ilisema Kiingereza kizito, na Injinia alikaa nami kwenye mapumziko ya chai, neno kwa neno, hakuwahi hata mara moja kunifanya nijione mjinga. Mungu ambariki. Baadaye niliwafundisha wengine, na nilikuwa mwalimu mwoga, nikiwaambia warudie kuonja hata mashine ikisema sawa.

Anko hakunisemesha kwa muda. Sikumlaumu. Kisha jioni moja ya mvua gari lake lilisimama langoni, kioo kikashuka. "Ingia, Congo. Au unangoja mashine ikubebe?"

Sasa nimestaafu. Mtaniuliza ni kipi bora, ulimi au kihisi, na mimi sina hakika. Kihisi hakiugui, wala hakioni aibu, na kilisema kweli wakati sisi wawili tulikuwa tunaficha. Lakini kabla ya kujua uchachu wa kutosha ni upi, kililazimika kuuliza kwa mtu. Nawashukuru walioniuliza. Namshukuru na yule mama wa pete.

Jumamosi baada ya kuagwa nilikwenda Chatsworth na chupa kutoka bechi yangu ya mwisho. Anko alikuwa amestaafu kabla yangu, anakaa barazani na redio. Mke wake, ambaye siku hizi anajua yote, alileta roti na kijiko kimoja. Anko akamrudisha: "Viwili, mama. Umemwalika mtu wa viwango."

Akafungua chupa, akaonja kwanza yeye. "Moto," akasema. "Moto tu." Akakiweka kijiko chini. Akachukua cha pili, akachota embe na mafuta yake, akanipa, kisha akavuta kiti karibu na kuutazama uso wangu. Safari hii sikuficha kitu.

"Imefika," akasema Anko, na akaanza kula.