Nusu Kichwa, Saa ya Bunge

Juzi nilikuwa kwa salon ya kunyoa, hapa kwa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi. Kwenye kiti alikaa bwana arusi, suti mupya mwilini, kanisa inamungoja. Kinyozi alishamaliza upande wa kuume tu. Radio ikaleta Bunge toka Lilongwe, na mubunge mumoja akauliza kwa Chichewa: "Bwana ministre, pesa ya daraja yetu tulipitisha. Daraja yenyewe iko wapi?"

Mashini ya kunyoa ikasimama hewani.

"Kaka, maliza! Mi naoa leo!"

"Ngoja, ministre ajibu kwanza."

Ministre akashukuru kwa swali. Akashukuru Bunge yote. Akasema kazi iko inaendelea vizuri. Salon muzima tukapiga miluzi: "Jibu, we! Daraja!" Kinyozi alinyooshea radio kidole kama vile ministre iko ndani.

Hapo mama mukwe akaingia, na kitenge yake ya arusi, mikono kiunoni. "Mukwe wangu, hii kichwa njo nini?"

Kijana akasimama, akakohoa, akafunga kifungo ya koti. "Mama, asante kwa swali muzuri. Kazi ya kichwa iko inaendelea vizuri."

Tulicheka mpaka machozi. Mama naye alicheka, kilemba kikalegea. Kisha akazima radio, akavuta kiti, akakaa mbele ya kinyozi. "Mi sitoki hapa mpaka nione kichwa yote."

Haikuchukua muda, kichwa ikang'aa.

Kumbe kuuliza, babunge banajua sana. Kinachokosa kule ni mutu wa kuvuta kiti.